Utii wa Bash

Je, Bash inatii POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix? Wengi hujibu ndiyo au hapana, ilhali swali la kwanza ni la kifalsafa: kutii ni nini? Programu hii ya kupokea amri, ikiitwa kwa jina la sh, ambalo ndilo jina linalotumiwa na kiwango, hukifuata. Ikiitwa kwa jina lake, hurudia mazoea yake. Hata ikiwa katika hali ya utii, bado hukubali mabano ya mraba mawili-mawili ambayo dash, programu nyingine ya kupokea amri, haiyatambui. Anayeuita huo unafiki asome kiwango chenyewe: kinaamuru yanayopaswa kutendeka, na kinaacha nafasi ya nyongeza.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba nafasi hiyo humponza mwandishi wa skripti. Ni kweli. Mfumo wa Ubuntu ulipoifanya dash kuwa sh yake mwaka 2006, skripti zilizoegemea nyongeza za Bash zilikwama. Lakini Bash haikuvunja ahadi. Waandishi ndio waliotaja sh kwenye mstari wa kwanza, kisha wakatumia lugha nyingine. Utii ni mkataba wa pande mbili. Anayetaka skripti yake iende kila mahali aijaribu kwanza kwa dash.