Haya ya Mtu Mzima Mbele ya Tanuri

Ndugu msomaji, kuna haya njema na kuna haya mbaya. Haya njema humzuia mtu asiseme uongo, wala asichukue kisicho chake. Haya mbaya humzuia mtu mzima asianze kujifunza jambo jipya, kwa kuogopa kuonekana hajui. Swali ninalotaka tulifikirie pamoja ni hili: je, mtu aliyekwisha kuzoea kuheshimiwa, mwenye watoto na pengine wajukuu, afanya vema akijiweka tena mahali pa mwanagenzi? Au huo ni upuuzi, na heshima yake yapasa ilindwe?

Nimechagua mfano wa kazi ya kupuliza kioo, kwa sababu katika kazi hiyo asiyejua hana pa kujificha. Mtu aweza kusoma kitabu kigumu chumbani peke yake, na hakuna atakayejua kama ameelewa au hakuelewa. Lakini kioo hupulizwa mbele ya watu, na kila kosa huonekana papo hapo.

Kazi yenyewe ni hivi. Ndani ya tanuri mna kioo kilichoyeyuka, chenye joto lipatalo nyuzi 1,100 za Selsiasi, kizito kama asali. Fundi hutia humo ncha ya bomba refu la chuma na kulizungusha, kioo kikajizonga penye ncha hiyo. Tangu hapo hana ruhusa ya kuacha kuzungusha. Akisimama kidogo tu, kioo huteremka kwa uzito wake na kwenda upande. Hukiviringisha juu ya bamba la chuma, hupuliza kidogo, hukirudisha motoni kila kinapoanza kuwa kigumu, na hukiunda kwa koleo au kwa magazeti yaliyokunjwa na kuloweshwa maji. Watu hudhani kwamba kazi yote imo katika mapafu. Sivyo. Pumzi ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni ya mikono izungushayo na macho yatazamayo. Kwa hiyo mwenye kifua kipana na sauti kubwa hamzidi mwembamba kwa lolote. Siku ya kwanza wote wawili hutoka na kitu kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, kisichosimama wima mezani.

Sasa tuwasikilize wale wasemao kwamba mtu mzima asijiingize katika mambo kama hayo. Hoja zao ni tatu, na si hoja za kudharauliwa.

Hoja ya kwanza ni hasara. Wasema kwamba mwanagenzi huharibu mali na kuteketeza moto bure. Ni kweli kwamba huvunja vingi. Lakini kioo kina tabia moja ya ajabu: vipande vyake, vikiwa safi na vya aina moja, hurudishwa tanurini vikayeyuka na kuwa kioo tena. Kipande kinacholeta madhara ni kile kilichofichwa chini ya meza ili mtu asione, maana hicho humkata mwenzako mguu. Tena tukumbuke jambo hili. Katika uchimbaji wa mambo ya kale ulioanza mwaka 1969 chini ya Nahman Avigad, ndani ya mji wa kale wa Yerusalemu zilikutwa takataka za karakana ya kioo ya karne ya 1 kabla ya Kristo. Ndani yake mlikuwa na mirija ya kioo iliyovimbishwa ncha moja kwa pumzi. Hiyo ni miongoni mwa dalili za kale kabisa za kazi ya kupuliza kioo, nayo imetokana na jaa. Mafundi wale nao walikuwa wakijaribu. Yale waliyoyatupa ndiyo yanayotuonyesha leo jinsi ufundi wenyewe ulivyoanza.

Hoja ya pili ni umri. Wasema kwamba kazi ya namna hii hufundishwa mtoto, na aliyechelewa amechelewa. Kwa muda mrefu ilikuwa hivyo hasa. Mwaka 1291 wakuu wa Venice waliamuru tanuri za kioo ziondolewe mjini kwa hofu ya moto, zikahamishiwa kisiwa cha Murano. Baadaye mafundi wakakatazwa kupeleka ujuzi wao nchi nyingine, na ufundi ukawa siri ya koo chache. Hata karne ya 20, wengi walidhani kwamba kioo ni kazi ya kiwandani peke yake. Kisha, mwezi Machi 1962, mwalimu wa ufinyanzi aitwaye Harvey Littleton, mwenye umri wa miaka 39, alikusanya watu wachache katika uwanja wa jumba la makumbusho ya sanaa la Toledo, Ohio, nchini Marekani, wajaribu kupuliza kioo katika tanuri ndogo. Kioo cha kwanza hakikuwafaa. Dominick Labino, mtaalamu wa viwanda vya kioo, aliwaletea gololi za kioo chepesi kuyeyuka, na mzee Harvey Leafgreen, fundi aliyekwisha kustaafu, akawaonyesha namna ya kushika bomba. Ona jambo hili, ndugu msomaji: walimu wazima, waliozoea kusimama mbele ya darasa, walisimama nyuma ya mzee mmoja wa kiwandani wamwangalie mikono. Kwa kukubali hivyo, walifungua mlango kwa maelfu ya watu waliokuja baada yao. Hata kwetu, katika karakana ya Shanga huko Arusha, iliyoanza mwaka 2007, watu wenye ulemavu hutengeneza vyombo kutokana na chupa zilizokwisha kutumika. Ufundi uliobaki siri ya ukoo usingefika huko.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kwamba asiyejua ni mzigo na hatari kwa wenzake. Kioo kilichoacha kuwaka wekundu chaweza kuwa na joto la kuunguza nyama, huku kikionekana kama kimepoa. Na vyombo vingi haviwezi kutengenezwa na mtu mmoja. Lazima awepo wa kufungua mlango wa tanuri, wa kupuliza wakati mwenzake anaunda, na wa kupokea chombo kwa fimbo nyingine. Hapa sibishani. Nasema tu kwamba hoja hii haimkatazi mtu kuanza. Yamwonyesha deni lake. Akiambiwa "zungusha", azungushe. Akiambiwa "usiguse", asiguse, hata kama anayemwambia ni kijana wa umri wa mwanawe. Heshima ya uzee haizuii moto. Ajabu ni kwamba watu wengi hufikiri unyenyekevu ni kuinama na kusema maneno laini, kumbe hapo ni kutii upesi tu, ili mwenzako asiungue.

Basi kwa nini nasema kwamba jambo hili ni la maadili, wala si la kupitisha wakati tu? Kwa sababu asiyejifunza kitu huwa mwamuzi mkali. Aliyesahau jinsi mkono unavyokataa kutii akili, humwita mtoto mjinga kwa hesabu ya kugawanya, humfokea msichana wa kazi kwa chungu kilichoungua, humcheka mwanakwaya mpya aliyekosa sauti. Hasemi hivyo kwa ubaya wa moyo. Amesahau tu. Wazee wetu walisema, mwanzo kokochi, mwisho nazi; lakini anayeona nazi peke yake sokoni huanza kudhani kwamba hazikuwa kokochi kamwe.

Sisi katika nchi hii tunao ushahidi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Akina bibi na akina babu wakakaa madawatini kujifunza herufi, mara nyingi wakifundishwa na watu wenye umri mdogo kuliko wao. Je, walipoteza heshima? Wajukuu waliowaona wakishika kalamu kwa vidole vigumu vya jembe walijifunza kitu kisichoandikwa ubaoni.

Liko jambo moja la mwisho katika kazi ya kioo. Chombo kikiisha hakiachwi mezani kipoe chenyewe, maana nje kingepoa kabla ya ndani, kikapasuka. Hutiwa katika tanuri nyingine yenye joto lipatalo nyuzi 500, likapunguzwa polepole hata asubuhi. Usiku huo wote hata fundi mkuu hana la kufanya ila kungoja.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mtu mzima aanze. Achague kioo, au cherehani, au lugha ya jirani yake, au hesabu za kikundi cha akina mama. Asifiche vipande vyake, na amtii anayemfundisha. Na siku mwingine atakapovunja mbele yake, asicheke.