Kabla Hujaiuza Baiskeli ya Babu

Mwanangu, yule kijana wa vyuma vikuukuu anayepita Sosiot na mizani yake hana ubaya. Ananunua kwa kilo, anatafuta riziki. Lakini baiskeli ya babu yako, ile Black Mamba iliyoegemea ukuta wa stoo, usimpe bado. Nipe jioni moja tu. Jimiminie chai, uketi.

Najua una haraka. Unataka kuiona namba, uambiwe mwaka, useme bei. Ngoja kwanza. Baiskeli nyingi za zamani za huku kwetu, namba peke yake haikuambii mwaka. Inakupa mahali pa kuanzia tu.

Itafute taratibu. Kwenye Raleigh za zamani huwa juu, nyuma ya bomba la tandiko, pale linapoungana na bomba la juu la fremu. Usipoiona, pindua baiskeli uangalie chini ya kranki. Kisha angalia pembeni, pale ekseli ya nyuma inaposhika fremu. Utakuta grisi iliyoganda, rangi ya juu kwa juu, na udongo mwekundu wa miaka mingi. Chukua kitambaa na mafuta ya taa. Lowanisha, uache usiku kucha, asubuhi ufute. Fanya kama unavyochuma chai, majani mawili na chipukizi, si kupapura tawi zima. Kisha sugua chaki nyeupe juu ya chuma na ufute kwa kidole. Chaki itabaki ndani ya michoro, na tarakimu zitajitokeza. Mulika tochi kutoka ubavuni, si usoni mwa namba, maana kivuli ndicho kinachosoma vizuri. Ama weka karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli polepole.

Msasa uuogope, mwanangu. Nilipokuwa na umri wako, baba aliniachia Raleigh yake, nami nikataka ing'ae kabla ya Krismasi. Nikakwangua kwa tupa na msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikapiga rangi nyeusi. Ilipendeza sana. Baba akaja, akainama, akapitisha kidole nyuma ya bomba la tandiko. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ile namba umeiweka wapi?" Zilikuwa zimebaki tarakimu mbili, na mkia wa nyingine ambao hata sasa sijui kama ulikuwa wa tisa au wa saba. Rangi hupakwa upya. Namba iliyoliwa na tupa hairudi.

Sasa tuseme umeisoma. Ikianza na herufi N, kisha herufi nyingine, kisha tarakimu, una bahati. Hiyo ni Raleigh ya miaka ya 1970 au baadaye kidogo, walipobadilisha mpangilio wao, mnamo 1973 hivi. N ni kiwanda cha Nottingham, Uingereza. Herufi ya pili inaonyesha sehemu ya mwaka. Tarakimu inayofuata ndiyo ya mwisho ya mwaka wenyewe. Ukiona 6, fikiria 1976, na uulize kama huenda ni miaka kumi baadaye. Lakini namba za kabla ya hapo hazikufichwa tarehe ndani yake. Zilikuwa za kuhesabia baiskeli, na herufi zao zilirudiwa. Anayekutazamia namba ya aina hiyo na kukutajia mwaka papo hapo, msikilize kwa adabu, halafu uendelee kuchunguza.

Uchunguze nini? Anza na gurudumu la meno la mbele, lile linalovuta mnyororo. Watengenezaji wa Uingereza walikata alama zao ndani ya chuma chenyewe. Raleigh ilikata vichwa vya korongo, ndege yule yule aliye kwenye beji ya mbele. Rudge ilikata kiganja cha mkono. Humber iliweka vijitu vidogo vilivyoshikana, na uma wake wa mbele una mabomba mawili kila upande, huwezi kuusahau ukishauona. BSA ilikata herufi zake. Stika hubanduka na rangi hupakwa upya, ila alama hizi hukaa. Fundi akikwambia vikombe vya kranki vya dukani havishiki kwenye fremu, usimkasirikie. Raleigh ilikata hesi 26 katika inchi moja, ilhali kipimo cha kawaida cha Uingereza kilikuwa 24. Kikombe kisichoingia nacho ni ushahidi.

Halafu jua kwamba majina haya yalikuja kuishi nyumba moja. Kampuni ya Raleigh iliundwa na Frank Bowden mwaka 1888. Iliichukua Humber mwaka 1932, Rudge 1943, na baiskeli za BSA 1957. Mwaka 1960 ikaungana na kampuni iliyokuwa na Hercules na Phillips. Ndiyo maana Hercules ya baadaye inaweza kuwa na vitu vya Raleigh bila mtu yeyote kuichezea. Jina pia halikwambii nchi. Hercules ilitengenezwa Birmingham, na ikatengenezwa vilevile India, Madras. Raleigh nayo ilitengenezwa Asansol, huko Bengal. Kwa hiyo tafuta jina la nchi kwenye beji, kwenye habu, hata kwenye kengele. Iliyotoka India si ya kudharauliwa. Imebeba maziwa na magunia kwenye vilima hivi vyetu sawa na ile ya Nottingham.

Kama ina giya tatu, furahi. Futa habu ya nyuma, ganda lile la katikati ya spoki. Ukisoma Sturmey-Archer na herufi AW, tafuta namba mbili ndogo karibu yake. Kwa habu nyingi zilizotengenezwa baada ya Vita vya Pili, moja ni mwezi na nyingine ni mwaka. Iliyozidi 12 ndiyo mwaka. Hapo chuma kimesema tarehe chenyewe.

Ila kimesema tarehe ya habu tu. Niliwahi kumhakikishia jirani kwamba baiskeli yake ni ya 1954 kwa sababu habu ilisema hivyo. Akawaambia wanawe, akamwambia mnunuzi. Baadaye mkewe akakumbuka kwamba gurudumu lile lilitolewa kwenye baiskeli ya shemeji yake baada ya ajali. Niliona aibu kurudi pale nyumbani, lakini nilirudi. Barabara za murramu na mvua ya Kericho ya kila alasiri zilikula rimu, spoki na matagadi. Watu walibadilisha walichopata. Habu, gurudumu la meno, fremu na beji vikikubaliana, una jibu. Visipokubaliana, andika kila kimoja na mwaka wake, usilazimishe vipatane.

Na kuna ushahidi ambao hauko kwenye chuma. Kogo wako, nyanya yako, yuko hai. Usimuulize ilinunuliwa mwaka gani, maana hakuishi kwa kalenda ya ukutani. Muulize kama ilikuja kabla ya Uhuru. Muulize kama walikuwa nayo mvua zile kubwa za 1961 ziliponyesha. Muulize ni ibinda gani, yaani rika gani, walikuwa wakitoka jandoni, na ni mtoto gani alikuwa mgongoni. Muulize kama ni pesa ya ng'ombe, ya mshahara wa shambani, au ya majani ya chai ya kwanza. Kisha mwombe afungue lile sanduku la bati. Ikiwa risiti ya duka la Kericho imo humo, huenda namba ya fremu imeandikwa kwa wino, na tarehe juu yake.

Ukishayajua haya yote, ukitaka kuuza, uza. Ni yako. Lakini kijana wa mizani atakuwepo wiki ijayo na mwezi ujao, na kogo amepita miaka themanini. Nenda kwake Jumamosi hii, ubebe daftari na kalamu.