Mwaka wa Nyongeza

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikiwa imenyesha Nairobi, jumba la makazi katika mtaa wa Huruma lilianguka na kuua watu zaidi ya 50. Msiba wa namna hii huleta maswali mawili. La kwanza ni la polisi na wahandisi: nani alijenga, nani alitia sahihi, saruji ilikuwa kiasi gani. La pili huulizwa matangani, mara nyingi kwa sauti ya chini: kwa nini wao? Swali hilo la pili ni la kale. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa katika kutoa dhabihu zao. Yeye mwenyewe anaongeza tukio jingine ambalo bila shaka wote walilijua, la mnara wa Siloamu pale Yerusalemu ulioangukia watu 18. Anauliza kama waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wenzao, anajibu kwamba sivyo, kisha anawaonya wasikilizaji wake watubu. Papo hapo anatoa mfano wa mtini usiozaa, ambao mtunza shamba anauombea mwaka mmoja zaidi kabla haujakatwa.

Katika mzunguko wa masomo ya Kanisa Katoliki, maneno haya yote husomwa kwa pamoja Jumapili ya tatu ya Kwaresima, Mwaka C. Lakini katika mahubiri yetu ya kawaida huwa tunayagawa: mnara unaachiwa siku za ajali, na mtini unaachiwa mkesha wa mwaka mpya. Hoja yangu ni kwamba mnara, toba na mtini ni fundisho moja, na likikatwa vipande kila kipande hupotoka. Mateso yakitajwa bila uvumilivu wa Mungu, tunabaki na Mungu anayebomoa nyumba juu ya vichwa vya watu. Uvumilivu ukitajwa bila toba, tunabaki na Mungu aliyesinzia. Vikisomwa pamoja, vinasema jambo gumu zaidi lakini la haki zaidi: msiba si hukumu juu ya aliyeangukiwa, na muda aliobakiziwa aliyesalimika si cheti cha wema wake. Muda huo amepewa kwa kazi maalumu, na una mwisho.

Tuanze na hukumu. Dhana kwamba aliyeumia lazima ametenda jambo ina nguvu kwa sababu inawafariji wasioumia. Marafiki wa Ayubu waliishika kwa maneno yenye harufu ya ibada, na mwishoni mwa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena sawasawa kama Ayubu alivyonena, ingawa Ayubu ndiye aliyelalamika. Wanafunzi wa Yesu waliirudia walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua kama kosa ni lake au la wazazi wake, na Yesu akakataa majibu yote mawili. Historia ya Kanisa nayo imetupa jaribio kubwa la dhana hiyo. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi watu wakiwa makanisani, tetemeko liliupiga mji wa Lisbon, Ureno. Makanisa yaliwaangukia waumini, mishumaa ikasaidia kueneza moto, na bahari ikapanda juu ya walioukimbilia ufuko. Mwaka uliofuata padri Mjesuiti Gabriel Malagrida alichapisha kijitabu akisema chanzo cha maangamizi hayo ni dhambi za wakazi wa mji, akawalaumu waliojishughulisha na kujenga makazi ya muda badala ya kutubu. Huko Uingereza, John Wesley naye aliandika juu ya tetemeko hilo, akadokeza kwamba huenda Mungu alikuwa anadai damu iliyomwagwa na Mahakama ya Kanisa ya Lisbon. Kifusi kilekile, basi, kilimpa Mjesuiti hukumu juu ya ulegevu wa Wakatoliki, kikampa Mprotestanti hukumu juu ya Ukatoliki wenyewe. Mizani inayompa kila mpimaji uzito aliokuja nao kutoka nyumbani haipimi kitu.

Hapa msomaji makini atapinga. Yesu amesema waliokufa hawakuwa wabaya zaidi, lakini sentensi inayofuata inawaonya wasikilizaji kwamba wasipotubu wataangamia vivyo hivyo. Je, hajarudisha kwa mlango wa nyuma kile alichokitoa kwa mlango wa mbele? Jibu limo katika viwakilishi. Kuhusu wao, waliokufa, neno lake ni kukanusha tu. Kuhusu ninyi, mlio hai, neno lake ni toba. Malagrida na marafiki wa Ayubu walivibadilisha viwakilishi hivyo wakawatubisha wengine. Toba kwa asili yake haina nafsi ya tatu. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni kurudi. Neno la Kiebrania ambalo manabii walilitumia kuwaita watu watubu nalo ni kurudi. Hakuna awezaye kurudi kwa niaba ya mwingine, na aliye chini ya kifusi hana tena njia ya kurudia. Kwa hiyo anayesimama juu ya kaburi kuhubiri toba ya marehemu amekosea anwani.

Na kurudi huko ni kwenda wapi? Luka hakutuacha tubahatishe. Katika sura ya 3 makundi ya watu yanamuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, naye anatoa majibu yanayoweza kuandikwa katika daftari la hesabu: mwenye nguo mbili ampe asiye nayo, watoza ushuru wasizidishe kiwango, askari wasinyang'anye na watosheke na mshahara. Katika sura ya 19 Zakayo anatoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Machozi yanaruhusiwa, ila hayahesabiwi. Tukiupima mji wa Lisbon kwa kipimo hiki, aliyekuwa akimjengea jirani kibanda kabla ya baridi alikuwa ndani ya toba ileile ambayo Malagrida alidhani ameikimbia. Tukiipima miji yetu, toba ya jengo lililoanguka inamhusu aliyepunguza saruji, aliyeongeza ghorofa, aliyepokea bahasha ili asione, na mwenye nyumba aliyeuona ufa akapaka rangi juu yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliouona ufa wakanyamaza hujenga makaburi. Swali la wahandisi na swali la matangani, ambayo mwanzoni tuliyatenga, yanakutana hapa. Kuuliza nani alitia sahihi ni swali la kiroho.

Sasa mtini. Mwenye shamba ametafuta matunda miaka mitatu bila kupata, na anaamuru mti ukatwe kwa kuwa unaichosha ardhi bure. Mtunza shamba hamwambii kwamba mti huo ni mzuri, wala kwamba matunda si muhimu. Anaomba mwaka mmoja, na anaeleza atakachofanya ndani yake: atalima kuuzunguka na kuutilia samadi. Katika Kiswahili tumezoea kuiona subira kama silaha ya asiye na silaha. Asiye na uwezo husubiri, na tunamfariji kwamba subira yavuta heri. Uvumilivu unaoelezwa hapa ni wa mwenye shoka mkononi ambaye ameamua kushika jembe. Ndiyo maana haufanani na kutojali. Asiyejali hapotezi samadi yake kwa mti mkavu. Baadhi ya wahubiri huchukua mfano huu wakasema mateso ndiyo samadi ya Mungu, kwa hiyo tuyashukuru. Usomaji huo hausimami. Samadi katika mfano inatiwa kwenye mti uliosalimika, na watu 18 wa Siloamu hawatajwi kama mbolea ya mtu yeyote. Mateso yanaweza kumwamsha mtu, hilo halina ubishi, lakini kifo cha jirani yangu hakikupangwa ili mimi nipate somo. Atakayesema hivyo amemfanya marehemu kuwa chombo na mimi kuwa lengo, jambo ambalo hata heshima ya kawaida ya msibani inalikataa.

Pingamizi la kwanza dhidi ya uvumilivu huu lilitolewa na Biblia yenyewe. Kitabu cha Mhubiri kinalalamika katika sura ya 8 kwamba hukumu isipotekelezwa upesi, mioyo ya watu hupata ujasiri wa kutenda maovu. Nani atabisha? Aliyejenga vibaya mara moja bila kuulizwa hujenga vibaya mara ya pili. Lakini mtunza shamba hakuomba muda usio na ukomo, na mwisho wa mwaka shoka bado lipo. Linganisha methali yetu na kitabu cha Yona. Sisi husema siku za mwizi ni arobaini, tukimaanisha kwamba siku hizo zikiisha atakamatwa. Ninawi nayo ilipewa siku 40, ila zilitangazwa hadharani ili zitumike. Mfalme akashuka katika kiti chake, watu wakaacha udhalimu, na mji ukasalimika. Aliyekasirika ni nabii, na anakiri kwamba alikimbia tangu mwanzo kwa sababu alijua Mungu si mwepesi wa hasira. Kitabu kinaisha kwa swali la Mungu kuhusu watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi, na jibu la Yona haliandikwi. Paulo katika Warumi 2 anaiweka hoja hiyo kama onyo: wema wa Mungu una mahali unapomvuta mtu, na anayeupokea kama ruhusa ya kuendelea na mabaya anajiwekea akiba ya ghadhabu. Kosa la anayeutumia vibaya muda wa neema haliwezi kuwa sababu ya kuufuta muda huo kwa wote, maana hakuna kati yetu asiyeishi ndani yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Uvumilivu wa Mungu kwa mtesaji hulipiwa na nani? Ivan, katika riwaya ya Dostoevsky kuhusu ndugu wa familia ya Karamazov iliyokamilika mwaka 1880, hakani kwamba Mungu yuko. Anakataa upatano wowote wa mwisho ambao gharama yake ni machozi ya mtoto mmoja aliyeteswa. Mwaka wa nyongeza aliopewa dhalimu ni mwaka wa nyongeza wa maumivu kwa aliye chini ya kiatu chake, na hakuna maneno matamu yanayoweza kuifuta hesabu hiyo. Luka haijibu kwa nadharia. Lakini tazama jina lililofungua sura yetu: Pilato. Mtawala aliyeichanganya damu ya Wagalilaya na dhabihu zao hakupigwa radi. Aliendelea kutawala, na sura kumi baadaye Mgalilaya mwingine analetwa mbele yake, yuleyule aliyesimulia mfano wa mtini. Kama Ukristo unasema kweli kuhusu huyo Mgalilaya, basi Mungu hakuitangaza subira kwa gharama ya wengine na yeye kukaa pembeni. Aliingia katika orodha ya waliouawa na mtu aliyevumiliwa. Hilo halielezi kwa nini mnara ulianguka. Linaonyesha tu ni nani mwenye haki ya kuomba mwaka mmoja zaidi kwa ajili ya muuaji: yule aliye tayari kuumizwa ndani ya mwaka huo.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa jambo hili. Mwezi Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimpelekea Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu uliokuwa ukiendelea nchini. Tarehe 16 ya mwezi huo Luwum aliuawa, na serikali ikadai kwamba alikufa katika ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere, mmoja wa maaskofu hao, alikimbilia uhamishoni, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wapo waliokiona kama udhaifu, na wangekuwa na haki kama kitabu kingetangulia barua. Lakini barua ilitangulia. Kivengere alimwombea rehema mtu ambaye yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kumwambia uovu wake usoni, na gharama ya kumwambia ilikuwa imelipwa kwa damu. Rehema isiyotanguliwa na ukweli humfundisha mwovu kwamba muda wake hauna mwisho.

Kutokana na hayo yote, kipimo cha mahubiri penye msiba kinakuwa chepesi kukieleza, ingawa si chepesi kukifuata. Luka ametuhifadhia idadi ya waliokufa Siloamu, 18, na hakuandika hata dhambi moja ya mmoja wao. Kanisa lifuate mfano huo: liwazike wafu bila kuwapekua, lisimame na wafiwa bila kuwaeleza Mungu alikuwa na maana gani, kisha ligeuke kwa walio hai, likianzia na viti vya mbele ambako mara nyingi huketi wenye majumba na wenye mihuri, liwaulize nani aliuona ufa. Na mhubiri ajiulize kwanza mwenyewe, kwa sababu naye anaishi katika mwaka ulioombwa na mwingine.