Kuanzia Mwisho

Mwanafunzi wa kemia ya kikaboni, awe Thongpiny, mtaa wa Juba ulio jirani na uwanja wa ndege, au awe Dar es Salaam, hukabiliwa mapema na swali hili: “Molekuli itakiwayo ni hii, eleza jinsi ya kuiunda.” Wengi huanza na chupa zilizo rafuni, wakachanganya hiki na kile akilini wakitumaini kufika. Hawafiki, kwa kuwa njia zitokazo katika chupa moja ni nyingi mno.

Mwanakemia wa Marekani, Elias James Corey, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1990, ndiye aliyeipanga desturi ya kwenda kinyume hata ikawa elimu kamili. Mwenye shabaha haulizi, “Nianze na nini?” bali, “Kitu hiki, kabla ya kuwa hivi, kilikuwa nini?” Hurudia swali hilo mpaka afikie kitu kipatikanacho.

Tutazame vanilini, asili ya harufu ya lavani. Pete yake ya kaboni sita ina kundi la aldehidi. Kundi hilo hupatikana kwa kuoksidisha mkia ambao kifungo chake maradufu kipo karibu na pete. Mkia huo nao hupatikana kwa kutumia alkali kali kukisogeza kifungo kilichokuwa mwishoni. Molekuli yenye mkia wa namna hiyo ni yujenoli, iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, kama yale yatolewayo kwa mvuke katika makonyo huko Wawi, Pemba. Fikra ilianza kwenye harufu ikaishia shambani. Kazi huanza shambani ikaishia kwenye harufu.

Je, kuanzia mwisho ni kusema kwamba shabaha huhalalisha kila njia? Hasha. Shabaha hutusaidia kuchagua njia, wala haituruhusu kuruka hatua. Kila hatua tuliyorudi kwa kalamu sharti iweze kutembewa mbele kwa mikono. Mshale uchorwao pasipo mmenyuko wa kweli ni uongo. Tena kila hatua ina gharama: hatua 5, kila moja ikitoa asilimia 80, huacha takriban asilimia 33 tu.

Thongpiny yatupa mfano mzito zaidi. Desemba 2013, vita vilipozuka Juba, maelfu ya raia walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa mtaani humo. Mkataba wa amani wa Septemba 2018 ukataja shabaha: uchaguzi. Lakini kabla ya uchaguzi zilitakiwa katiba ya kudumu, sensa na jeshi lililounganishwa. Hayo hayakukamilika, na mwaka 2024 uchaguzi ukaahirishwa hadi Desemba 2026. Mwisho ulikuwa umekwisha tajwa. Hatua za kuufikia hazikuwa zimetembewa.

Hata hivyo, mwanadamu si molekuli. Katika kemia, kitu cha katikati hutumika kikatoweka ili cha mwisho kipatikane, wala hakilalamiki. Mkimbizi aliye katikati ya safari ya taifa lake hawezi kutumiwa hivyo. Yeye mwenyewe ni sehemu ya shabaha.

Kwa hiyo, sisi walimu tumfundishapo kijana kuanzia mwisho, tumfundishe pia kukagua kila hatua, na kuuliza ni nani atakayeilipia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, asimwinamishe mwenziwe.