Gemu Nzuri ni Ipi?

Kwenye banda la gemu, Ngara au Biharamulo, sifa ya gemu nzuri haina mjadala mrefu: picha kali, wachezaji wafanane na wa kwenye runinga. Lakini Kiswahili kinatumia neno hilohilo, nzuri, kwa kinachopendeza na kwa kilicho chema.

Chukua Salaam ya Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu amnunulie kompyuta. Katika gemu aliyoibuni, unakimbia vita. Mhusika akiishiwa maji, unamnunulia kwa fedha halisi, inayokusudiwa kumsaidia mkimbizi halisi.

Wapo watakaosema kukimbia vita si mchezo. Hoja hiyo ina uzito Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takribani saa 24. Hawakuwa na kitufe cha kuanza upya.

Hata hivyo, riwaya na filamu za ukimbizi hatuzikatai. Tunachokataa ni uongo. Gemu inayogeuza kiu ya mtu kuwa pointi tu inadanganya, hata picha zake ziwe kali vipi. Nayo nia njema haiokoi gemu inayochosha: mchezaji ataiacha kabla mhusika hajafika mpakani, na ujumbe utabaki hukohuko.

Basi usiulize tu kama imenoga. Uliza pia imekufundisha kumtazamaje anayeumia.