Paa na Walio Chini Yake

Kuhesabiwa na kukisiwa si jambo moja, ingawa yote mawili huandikwa kwa tarakimu zile zile. Karani wa sensa hupiga hodi, akaitikiwa, akauliza ni nani aliyelala humo usiku wa kuamkia siku ya sensa. Setilaiti haipigi hodi. Huipita Tangini, kata ya Kibaha, mamia ya kilomita juu ya mikorosho, ikanasa mwanga unaorudi kutoka ardhini. Wataalamu wakaigawa ardhi kwa aina zake: msitu, shamba, kichaka, makazi. Kisha jumla ya watu wa wilaya nzima, iliyopatikana kwa sensa, hutawanywa juu ya ramani hiyo. Makazi hupewa wengi, shamba wachache, na msitu, kama ule wa Pugu kule Kisarawe, karibu na hakuna.

Njia hii ina manufaa yake. Sensa huja baada ya miaka kumi, na watu hawaisubiri. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 2,024,947. Aliyepanga chanjo au madawati katikati ya miaka hiyo kwa hesabu kongwe aliwanyima waliohamia.

Lakini bati jipya humeta likaonekana, na paa la makuti hushabihiana na udongo, tena mwembe mmoja waweza kuficha nyumba nzima. Lipo pagala ambalo mwenyewe yuko Dar es Salaam, akilijenga kidogo kidogo. Picha huliona jengo, isijue kuwa ni tupu. Ipo na nyumba ya kupanga, vyumba sita, kila chumba na familia yake, na paa ni moja. Kosa la kwanza huzua wasiokuwapo, la pili huwafuta waliopo.

Husemwa kuwa makosa hayo hufidiana katika jumla. Katika jumla, naam. Hata ubeti wenye mstari uliopungua mizani na mwingine uliozidi hutimiza jumla yake, wala hakuna mshairi atakayeukubali. Aliyefutwa hapati kitu kwa jirani yake kuhesabiwa mara mbili.

Basi mpangaji wa chumba cha tano akifika kuchukua chandarua, akaambiwa hayumo katika makadirio, haki iko kwake. Ramani ndiyo ya kusahihishwa, na wa kuulizwa yupo karibu: mwenyekiti wa mtaa, anayejua ni ndoo ngapi hupangwa alfajiri penye bomba la nyumba ile.