Ukarimu na Mlango Wazi

Ukarimu ni sifa ambayo kila mtu hupenda kuitwa nayo, lakini ni wachache wapendao kuipima. Je, mtu alishaye kiumbe kwa kutaraji faida ni mkarimu, au ni mchuuzi aliyevaa joho la hisani? Swali hili laweza kuulizwa katika baraza la wenye hekima. Laweza pia kuulizwa mbele ya mzinga ulioingiwa na kundi jipya la nyuki.

Kundi lihamapo pamoja na malkia wake halichukui mali ila asali iliyo matumboni, akiba ya siku chache tu. Makao mapya ni matupu. Masega hujengwa kwa nta itokayo katika miili ya nyuki wenyewe, na nta haitoki bila ya chakula kingi. Tena, yai la nyuki mtenda kazi huchukua siku 21 hata kuwa nyuki kamili. Basi kwa majuma matatu wazee hufa, na hapana vijana wa kushika mahali pao. Maua yakiwa haba, au mvua ikizuia safari, njaa huingia nyumbani kabla ya jamvi kutandikwa.

Hapo mfugaji huleta maji ya sukari, kilo 1 ya sukari kwa lita 1 ya maji. Huyaweka ndani ya mzinga wakati wa jioni, wala hayamwagi nje, maana harufu yake huita sisimizi na nyuki wezi wa mizinga mingine. Msaada usio na busara huweza kumfichua mnyonge kwa adui zake.

Mfugaji hutenda haya kwa kuwa anataka asali, wala hana haja ya kulificha jambo hilo. Nia iliyochanganyika haiharibu tendo jema siku zote. Kama ingekuwa hivyo, mema duniani yangekuwa machache mno. Kipimo ki mahali pengine: je, alishwaye aweza kuondoka? Katika misitu ya miombo ya Tabora mizinga ya magogo hutundikwa mitini, na mwenyewe hungoja kundi liingie kwa hiari. Nyuki wa Afrika ya Mashariki hawakawii kuhama waonapo njaa au bughudha. Wakikaa, wamekubali, wakienda, hakuna deni la sukari liwezalo kuwarudisha.

Kipimo cha pili ni kujua kukoma. Masega yakijaa maji ya sukari, malkia hukosa vyumba vya kutagia, na kundi hudhoofu kwa wingi wa kile kilicholetwa kulinusuru. Zaidi ya hayo, mfugaji asiyekoma huja akarina sukari na kuiuza kwa jina la asali. Hisani yake kwa nyuki ikawa hadaa kwa jirani. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo kwa choyo. Jembe ni heshima: humtoa mgeni katika kulishwa, likamtia katika safu ya wenyeji.

Watu husaidia watu, na mataifa husaidia mataifa, kwa nia zilizochanganyika vivyo hivyo. Atoaye asiulizwe tu moyoni mwake mna nini. Aulizwe kama ameuacha mlango wazi, na kama anaijua siku ya kuondoa bakuli lake maua yachanuapo.